Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya uuguzi na utabibu: Mnawaadhibu wanafunzi wa jamii ndogo kwa simu zao, na matusi mnayapita

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Vyuo, Wakuu wa Nidhamu, na wakufunzi wote wa wauguzi, matabibu na wataalamu wa maabara nchini Kenya,

Mimi ni muuguzi msimamizi wa wodi katika hospitali moja ya Kaunti ya Tana River. Wanafunzi wenu huja kwangu kwa mazoezi, kundi baada ya kundi, na daftari zao za ujuzi mimi ndiye ninayezitia sahihi. Kwa hivyo tunajuana, hata kama hatujawahi kukaa meza moja. Jambo la barua hii nimelieleza kwa njia za ndani kama desturi ya kazi yetu inavyotaka. Sikupata jibu la maana, na ndiyo sababu leo nasema mbele ya watu.

Nalalamikia jinsi mnavyoshughulikia mitandao ya kijamii kwa wanafunzi wanaotoka jamii ndogo: Wawaata, Waaweer wa msitu wa Boni, Wadahalo, Wamunyoyaya, Waelmolo, Waogiek, Wamakonde, Wapemba na wengineo. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wadahalo 575 na Waelmolo 1,104. Mtoto akitoka katika watu 575 akafika chuo cha uuguzi, hana shangazi aliyemtangulia wodini. Hana binamu wa kumuuliza sare hushonwa wapi, basari huombwa mwezi gani, au mkufunzi yupi hapendi kuchelewa hata dakika moja. Alicho nacho ni simu. Humo aliona tangazo la nafasi, humo anaishi na wenzake wa darasa, humo anatukanwa, na humo ofisi za nidhamu humvizia zikimtafutia kosa. Nyinyi mnaishughulikia hiyo sehemu ya mwisho peke yake.

Nianze na lisilo na ubishi kati yetu. Mwanafunzi anayempiga picha mgonjwa, au anayetuma kadi ya mgonjwa kwenye kikundi ili aulize dozi, amekosa, awe wa jamii kubwa au ndogo. Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Wodini mwangu simu hukaa mfukoni. Aliyewahi kuitoa mbele ya mama anayejifungua anakumbuka alichosikia kutoka kwangu, na sikujuta. Asitokee mtu kusema natetea utovu wa adabu.

Sasa malalamiko yangu.

1. Kanuni zenu ni pana kupita kiasi, na uzito wake humwangukia asiye na mtetezi.

Kanuni nilizoonyeshwa na wanafunzi husema mwanafunzi asichapishe chochote kitakachoshusha hadhi ya chuo au ya taaluma. Hadhi hiyo hupimwa kwa kipimo gani? Haijaandikwa. Basi mpimaji anakuwa yeyote aliyekaa kiti cha nidhamu siku hiyo, na mpimwaji anayejua kujieleza kwa Kiingereza cha ofisini, au mwenye mjomba anayeweza kupiga simu, hutoka salama. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na vikao vya nidhamu vinawapisha kweli.

Nitoe mfano mmoja, na chuo sitakitaja. Mafuriko yalikuja, kipindupindu kikafuata, kama kawaida yake huku kwetu mto ukifurika. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti wa Kiwaata, alisimama nje ya lango la hospitali chini ya mwarobaini akiwa na sare yake, akajirekodi akieleza kwa lugha ya nyumbani jinsi ya kumsaidia anayeharisha wakati akitafutiwa usafiri: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, koroga, mnyweshe kidogo kidogo, na asiachwe nyumbani hali ikizidi. Vipimo vilikuwa sahihi, nilivikagua mwenyewe. Hakuna mgonjwa aliyeonekana, hakuna jina lililotajwa, na hata kibao cha hospitali hakikuingia. Video ilizunguka kwenye vijiji ambavyo vipeperushi vyetu vya Kiingereza na Kiswahili sanifu havijawahi kufanya kitu zaidi ya kufungia ndizi.

Aliitwa mbele ya kamati. Kosa: kutumia sare ya chuo mtandaoni bila idhini. Adhabu: kusimamishwa wiki mbili, akapoteza saa za mazoezi ambazo lazima azilipe ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Muhula huohuo mwanafunzi mwingine alicheza muziki kwenye TikTok, ndani ya sare ileile, kwenye veranda ya maabara. Ukurasa wa chuo ukaisambaza video hiyo kuvutia waombaji wapya. Sina neno na aliyecheza, alicheza vizuri. Nauliza tu idhini ya huyu ilitoka kwa nani, na ya yule ilinyimwa na nani.

Tatizo hili si la Kenya peke yake. Mwaka 2020 jarida moja la upasuaji wa mishipa nchini Marekani lililazimika kuondoa makala ambayo waandishi wake walitumia akaunti zisizo na majina yao kuchungulia kurasa za madaktari vijana, kisha wakaorodhesha mavazi ya kuogelea na glasi ya pombe miongoni mwa dalili za kukosa weledi. Madaktari wanawake walijibu kwa kuweka hadharani picha zao za ufukweni, na makala ikafutwa. Funzo lililobaki kwa waalimu wa tiba ni kwamba neno weledi, likiachwa bila mipaka, hugeuka kuwa ladha ya mkubwa. Nawaambia hili kwa sababu wapo wakufunzi wetu wanaofuatilia wanafunzi kwa akaunti za majina ya kubuni. Wanafunzi wanawajua, na huwacheka.

2. Matusi kwenye vikundi vya darasa mnayaita utani.

Kikundi cha WhatsApp cha darasa kimekuwa darasa lenyewe. Ratiba ya zamu hutumwa humo, maswali ya mitihani iliyopita hugawanwa humo, mchango wa aliyefiwa hukusanywa humo. Anayejitoa amejifukuza chuo nusu. Anayebaki anasoma nini? Nimeonyeshwa, kwa ridhaa ya wenyewe. Picha ya mwanafunzi iliyogeuzwa stika yenye maneno ya msituni. Ujumbe wa sauti unaoiga matamshi yake alipokuwa akitoa ripoti ya zamu asubuhi. Akipata alama nzuri, anaambiwa aliingia kwa huruma ya Katiba, yaani kwa nafasi maalum za jamii za wachache. Akipata mbaya, anaambiwa hayo ndiyo matokeo ya huruma ya Katiba. Na jina la kabila lake linatumika kama tusi hata kwa mtu mwingine aliyekosea kipimo cha shinikizo la damu.

Wanapolalamika, msimamizi wa kikundi, ambaye ndiye kiongozi wa darasa, hujibu kwamba huo ni utani. Utani tunaujua sisi. Mngoni na Mnyamwezi kule Tanzania wanaujua, na Mswahili yeyote aliyewahi kuhudhuria maziko ya mtani wake anaujua. Una pande mbili: leo wanitukana, kesho nachukua kuku wako na huna la kusema. Mmoja akitukanwa na kunyamaza miaka mitatu mizima ya diploma, hapo hakuna mtani.

Waheshimiwa, msiseme hayo ni mambo ya vijana. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliundwa chini ya sheria ya 2008, na sheria hiyo inayafanya maneno ya kuchochea dharau na chuki za kikabila kuwa kosa la jinai, haijalishi yamesemwa jukwaani au kwenye simu. Nasi wa Tana tuna sababu ya kutochezea jambo hili. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma kwenye delta ya Tana. Nakumbuka jamaa wa wagonjwa wakiuliza kwanza muuguzi wa zamu ni kabila gani, ndipo wakubali sindano. Mwanafunzi anayezoea kucheka kabila la mwenzake kwenye simu ndiye atakayeshika sindano hiyo siku moja, na mgonjwa wa kabila lililochekwa atakuwa kitandani bila uwezo wa kuondoka.

Na ajabu ni hii: katika mashauri yote ya nidhamu ya mitandao niliyosikia kutoka kwa wanafunzi wanaopita wodini kwangu, sijasikia hata moja la aliyetukana kabila. Nimesikia ya sare, ya kucha, ya kulalamikia chakula cha bweni.

3. Mmeuhamishia ubao wa matangazo kwenye simu, kisha mkasahau nani hana simu yenye jina lake.

Hili huonekana dogo kwa mtu wa Nairobi. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Mkopo wa masomo wa HELB nao unataka kitambulisho na namba ya simu ya mwombaji mwenyewe. Sasa fikirieni Wamakonde, waliolazimika kutembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo serikali ikakubali kuwa wao ni Wakenya. Fikirieni Wapemba wa Kilifi na Kwale, waliotambuliwa 2023 tu. Vijana wa kaunti za mpakani walikuwa wakipitishwa kwenye kamati za ukaguzi kabla ya kupewa kitambulisho hadi Rais alipotangaza kuukomesha utaratibu huo Februari 2025. Wengi wa hao, wakiwa na umri wa kuingia chuo, walikuwa wakitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani. Jirani akiitaka laini yake, kikundi cha darasa kimekwenda, na namba ya mkopo imekwenda nayo.

Mwanafunzi wa wadi ya Basuba, kule Lamu, akienda likizo huingia mahali ambapo minara ya simu imewahi kulipuliwa na al-Shabaab. Ninyi mnatuma saa nne za usiku ujumbe kwamba zamu zimebadilishwa na kila mtu aripoti keshokutwa. Asiporipoti mnaandika utoro. Nimesoma barua ya onyo ya aina hiyo. Ilitumwa kwa WhatsApp.

4. Matapeli wanawala kwa sababu mmewaachia uwanja.

Hapa nitakuwa mfupi kwa maana mnajua. Kurasa bandia zenye nembo za vyuo zimejaa Facebook, zinauza nafasi na barua za kuingia chuo, malipo kwa M-Pesa. Hutokea mkaweka onyo kwamba hamhusiki, likiwa kwa Kiingereza, kwenye ukurasa ambao mzee wa Kimunyoyaya aliyeuza mbuzi ili alipe hatauona kamwe. Anayejua utaratibu hatapeliwi kirahisi, na utaratibu hujulikana na mwenye ndugu aliyeupitia. Onyo lenu lingesomwa redioni na kwenye baraza la chifu, mbuzi wengine wangebaki zizini.

5. Mnaogopa kitu ambacho kingeiokoa kazi yetu.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hivyo nivumilieni.

Malone Mukwende, kijana mwenye asili ya Zimbabwe, alikuwa mwanafunzi wa udaktari St George's, London, alipoona kwamba vitabu vinaonyesha dalili za maradhi kwenye ngozi nyeupe tu. Mwaka 2020, pamoja na wahadhiri wawili wa chuo chake, alitoa kijitabu kinachoonyesha dalili hizo kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia, nacho kikasambaa duniani kwa mitandao. Mwaka uliofuata Mnigeria Chidiebere Ibe, akijiandaa kuwa daktari, alichora mimba ya mama mweusi na mtoto mweusi tumboni, mchoro ukazunguka dunia kwenye simu, na watu wazima wakagundua kwamba hawakuwahi kuona wa namna hiyo maishani. Hao walikuwa wanafunzi. Wa kwanza chuo chake kilimpa wahadhiri wa kufanya naye kazi. Jiulizeni angefika wapi kama kamati ya nidhamu ingemtangulia.

Sisi tuna hitaji kubwa kuliko la London. Katika vijiji vya Waaweer, zahanati zilifungwa miaka mingi kwa sababu ya usalama, tangu enzi za mashambulizi ya al-Shabaab ya 2014 na operesheni ya usalama ya Linda Boni iliyoanza 2015. Muuguzi kutoka mbali akipangiwa huko huomba uhamisho kabla ya kufungua sanduku, na mimi simlaumu. Atakayekubali kurudi ni mtoto wa huko. Na kabla hajahitimu, tayari anaweza kufanya kazi moja ambayo sisi hatuiwezi: kujibu uvumi kwa lugha inayosikika. Wakati wa chanjo, uvumi hufika kijijini kwa ujumbe wa sauti, kwa lugha ya mama, ukisemwa na mtu mwenye sauti ya kuaminika. Majibu yetu hufika wiki mbili baadaye yakiwa bango lenye nembo nne za wafadhili. Nani atashinda?

Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iweke mipango ya kuzipa jamii za wachache na zilizotengwa nafasi maalum katika elimu na ajira, kuziwezesha kukuza lugha na tamaduni zao, na kuzifikishia maji na huduma za afya. Binti niliyemtaja alikuwa ametimiza nusu ya kifungu hicho chini ya mwarobaini, bila bajeti. Mkamrudisha nyumbani.

Ninachokiomba ni hiki, na hakuna hata kimoja kinachohitaji jengo jipya.

Kwanza, andikeni upya kanuni ya mitandao, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza. Itaje makosa kwa majina: picha ya mgonjwa, taarifa ya mgonjwa, matusi ya kabila, dini, jinsia au ulemavu, kuuza mitihani. Neno hadhi liondoke. Kuhusu sare, ama iruhusiwe kwa wote ama ikatazwe kwa wote, ukurasa wa chuo ukiwemo.

Pili, kila kikundi rasmi cha darasa kiwe na mkufunzi ndani yake kwa jina lake halisi, na akaunti za kuchungulia zifungwe. Malalamiko ya matusi ya kikabila yapokelewe kwa maandishi na yajibiwe ndani ya siku saba. Mshitaki asiambiwe alete mashahidi wakati ujumbe uko kwenye simu yake.

Tatu, tangazo lolote lenye adhabu ndani yake libandikwe ukutani na litumwe pia kwa ujumbe mfupi wa kawaida, ule usiohitaji bando. Asiye na laini yake apewe muda, na ofisi ya wanafunzi imwandikie barua ya kumsaidia kupata kitambulisho. Matangazo ya nafasi za masomo na maonyo ya matapeli yasomwe kwa Kiswahili kwenye redio za kaunti na kupitia kwa machifu.

Nne, mwanafunzi anayetaka kutoa elimu ya afya kwa lugha yake aruhusiwe, kwa sharti moja: mkufunzi au muuguzi msimamizi aukague ujumbe kabla haujatoka. Kwa upande wangu niko tayari kukagua jumbe za wanafunzi wote wanaopita wodini kwangu, na nawajua wauguzi wa Hola, Garsen na Lamu watakaokubali bila kuomba posho. Saa hizo zihesabiwe katika mazoezi ya afya ya jamii, maana ndiyo afya ya jamii yenyewe.

Tano, wanafunzi waliosimamishwa kwa kosa la sare pekee warudishiwe saa zao kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka huu. Hili halina haja ya kusubiri kamati.

Mtaniambia baraza la wauguzi lina taratibu zake na kwamba mikono yenu imefungwa. Sijaona utaratibu wowote wa taaluma yetu unaomkataza mwanafunzi kufundisha jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Kama upo, utajeni hadharani, nami nitawaandikia waliouweka.

Wanafunzi wapya huingia Septemba. Miongoni mwao atakuwemo mtu ambaye kijiji kizima kilichanga nauli yake, na kabla hajafungua shuka za bweni atakuwa ameingizwa kwenye kikundi cha darasa. Nawaomba kanuni mpya iwe imebandikwa kufikia siku hiyo, na jibu la barua hii nilipate hadharani kama nilivyoiandika.

Wenu katika kazi,
Muuguzi Msimamizi wa Wodi,
Kaunti ya Tana River